Meza Iliyopigwa Randa

Paka wa nyumba ile alikuwa na kazi ngumu kuliko paka yeyote mtaani. Kwa panya hakuwa na nafasi. Kazi yake ilikuwa kupokea maneno. "Paka," Babu alikuwa akisema, sahani ikiwa mbele yake, "mwambie mwenye jiko lake kwamba chumvi imezidi." Na Bibi, amesimama hatua mbili kutoka hapo na mwiko mkononi, alikuwa akimjibu paka yule yule: "Mwambie asiyetaka chumvi akapike mwenyewe. Mikono anayo." Paka aliwatazama wote wawili, akajilamba, akaenda zake dirishani.

Hali hiyo ilikuwa imetimiza miezi kumi na moja. Na kabla hujacheka ukasema wazee wamerudi utotoni, sikiliza kwanza chanzo.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu nguo yake ingechanika kwingine kote, ila pindo lingebaki palepale. Miaka arobaini na moja alishonea chumba cha mbele, kwenye cherehani ya kukanyaga yenye meza ya mbao, na juu ya meza hiyo alikuwa na utaratibu wake ambao hakufundishwa na mtu. Mteja akija, Bibi hakuandika vipimo daftarini. Alichukua msumari akakwaruza mstari mezani. Kutoka ukingo wa meza mpaka kwenye mstari ndio urefu wa mkono wa mtu huyo, na pembeni alichora kialama cha kumtambulisha. Mwalimu alikuwa miwani. Muuza samaki alikuwa mkia wa samaki. Jirani mmoja mbea alikuwa sikio, na hakuwahi kujua. Watoto wanne wa Bibi walikuwa na safu yao upande wa kulia, na kila mwaka mapindo ya sare za shule yaliposhushwa, mstari mpya ulisogea mbele kidogo.

Babu naye alikuwa seremala. Yeye aliitwa Bwana Pimamaji, maana kile kifaa chenye kipovu kilikaa mfukoni mwake kama wengine wanavyoweka leso. Alipima rafu za watu bila kuombwa. Aliwahi kupima jeneza la jirani mbele ya wafiwa, akatikisa kichwa. Mbao isiyolala sawa ilimnyima usingizi.

Basi Bibi akaenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, akalazwa siku nne. Siku hizo nne Babu alifungua ule ubao wa cherehani, akaupiga randa, akausugua msasa, akaupaka vanishi mara tatu. Bibi aliporudi, bandeji imetoka na macho yanaona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa ni meza inayong'aa. Babu alisimama pembeni, mikono nyuma, akisubiri sifa. Bibi akapitisha kiganja juu ya ubao, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Hakukuwa na kitu. Akatoka chumbani, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Babu kwanza alidhani ni harufu ya vanishi. Halafu akadhani madaktari wamegusa mshipa usiohusika. Mwisho akapandwa na hasira na yeye, maana umtengenezee mtu kitu kwa mikono yako halafu akununie, utafanya nini? Alinuna. Na alipokuwa ananuna, Babu alinuna kama alivyofanya kazi, bila kuacha pengo.

Kwa nini Bibi hakumwambia? Aseme nini? Mtu amelala nyumba moja na meza ile miaka arobaini na moja, ameegemeza kiwiko juu yake, amewekea chai juu yake, na hata siku moja hakuuliza ile mistari ni ya nini. Leo amekwisha kuifuta ndipo afundishwe? Bibi alikata kauli hatamfundisha. Alikata na kauli ya pili, ambayo hakumwambia hata paka. Atahama.

Nafasi ilijileta yenyewe. Binti yao mkubwa alipiga simu: ana semina ya kazi siku sita, mumewe yuko safarini, je, wangewakalia watoto? Bibi akasema ndiyo, kwa sharti moja. "Jumapili ukija kuwachukua, unanichukua na mimi."

"Karibu sana, Mama. Kwa muda gani?"

"Mpaka unichoke."

Binti alicheka. Bibi hakucheka. Jioni hiyo hiyo alivuta sanduku kutoka uvunguni, akapanga nguo, na juu kabisa akalaza mkasi wake wa kazi ndani ya taulo. Mtu anayekwenda kutembea habebi mkasi wake wa kazi.

Watoto walifika Jumatatu, na vita vikapata askari wapya. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi ambaye nyumbani kwao walimwita Wakili, na hakuna aliyehitaji kueleza sababu. Wa pili alikuwa mdogo wake wa miaka sita, Bwana Kwanini. Mama yao aliacha mabegi mawili, tableti moja, chaja tatu na karatasi nne za maelekezo, akazibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, akabusu kila mtu, akaondoka mbio kabla hajaulizwa kitu.

Bibi alivaa miwani akasoma. Watoto wasifokewe, waelezwe. Wasiambiwe "kwa sababu nimesema." Tableti saa moja tu kwa siku. Mtu akikasirika aende kwenye kiti cha kutulia. Bibi alisoma mpaka karatasi ya pili, akavua miwani.

Vita vya kwanza vilipiganwa mezani usiku huo huo.

"Bibi," alisema Bwana Kwanini, "wali umegusana na mchuzi."

"Ndiyo kazi ya mchuzi."

"Mimi sili vikigusana."

"Kula. Vitaachana tumboni."

"Bibi, hilo si jibu," Wakili akaingilia. "Mama anasema mtoto anaelezwa, hakatishwi maneno."

"Mama yako alikula wali umegusana na mchuzi miaka kumi na nane, akakua mpaka akajua kuandika karatasi nne! Kula!"

Bwana Kwanini hakula. Bibi hakubembeleza. Walikaa wanatazamana juu ya sahani moja mpaka mchuzi ukaganda, na Bibi, ingawa asingekubali hata kwa kiapo, alimheshimu kidogo yule mtoto. Alijua kununa na alikuwa na pumzi.

Jumanne wazee waligundua kwamba wajukuu wana miguu. Paka alistaafishwa. "Mwambie babu yako atoe viatu mlangoni." "Mwambie bibi yako viatu vina haki ya kukaa kwenye nyumba niliyoijenga." "Mwambie alijenga, lakini hajawahi kuifagia." Wakili alikwenda na kurudi, jikoni mpaka karakana ya nyuma ambako Babu alijifungia na mbao zake, na mdogo wake akamfuata akiuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini hamwambiani wenyewe. Hakuna aliyemjibu.

Jumatano Babu alimfokea Bwana Kwanini kwa kuchezea pimamaji. Wakili alisimama mbele yake, akanyoosha kidole kwenye kigoda cha kona.

"Babu, umepandisha sauti. Kiti cha kutulia. Dakika moja kwa kila mwaka wa umri wako."

"Nina miaka sabini na mbili!"

"Basi dakika sabini na mbili."

Bibi alikuwa jikoni. Kicheko kilimtoka kabla hajakiwahi, akakifunika kwa kukohoa, kisha akajikasirikia nafsi yake, na hasira hiyo akaimalizia kwa mtoto wa pili. "Na wewe unachungulia nini? Toka hapa!" Wakili alisikia. Bibi naye akaandikiwa dakika sitini na sita. Hakwenda kukaa, lakini hesabu ilimkera mchana kutwa.

Alhamisi Wakili aligoma. Alikuja jikoni, mikono kiunoni.

"Bibi, kuanzia leo sipeleki maneno matupu. Shuleni mshauri ametuambia watoto wasitumike kwenye ugomvi wa watu wazima. Mkitaka nipeleke, kila ujumbe uwe na sababu yake. Nimemwambia na Babu."

"Huyo mshauri wako hana kazi?"

"Babu amekubali. Hii hapa yake." Akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti kavu. "'Mwambie bibi yako nimekasirika kwa sababu nilimtengenezea meza yake ikawa nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na hakuniambia hata asante, na mpaka leo sijui nimekosa nini.' Mwisho wa ujumbe."

Bibi alikuwa anamenya viazi. Kisu kilisimama. Hajui! Miezi kumi na moja alikuwa na hakika kwamba Babu anajua ugomvi ni wa ile mistari, kwamba anajitia hamnazo makusudi. Kumbe hajui kweli, na kutojua huko kulimchoma zaidi, kwa sababu kulimaanisha hakuwahi kutazama.

"Bibi," aliuliza Bwana Kwanini kutoka chini ya meza, "kwa nini ile meza ya cherehani haina hata mchoro? Meza zote zina michoro."

Mtoto wa miaka sita ameuliza siku ya nne tu. Bibi alikiweka kisu chini kwa kishindo.

"Nenda kamwambie babu yako," alimwambia Wakili kwa ghadhabu, "mwambie ile haikuwa mikwaruzo. Walikuwa watu. Kila mstari ulikuwa mkono wa mtu au mguu wa mtu. Na wale wa kulia walikuwa wanawe, mwaka kwa mwaka, na mama yako yumo. Amewapiga randa wote akawafagia pamoja na maranda. Sababu ndiyo hiyo. Na umsomee polepole, asikie vizuri."

Wakili aliyaandika nyuma ya karatasi ile ile, akaenda. Alichelewa. Aliporudi hakuwa na karatasi.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Alikaa."

"Alikaa kwenye nini?"

"Chini. Kwenye maranda."

Vizuri, Bibi alisema moyoni. Akae. Aliuonja ule ushindi na ulikuwa mtamu kwa muda wa kumenya kiazi kimoja. Kiazi cha pili alikimenya mpaka kikabaki saizi ya kifungo.

Ijumaa Babu hakutuma neno. Hata paka hakuambiwa kitu. Bibi alisubiri samahani, kwanza kwa dharau, kisha kwa hasira, na ilipofika jioni alikuwa anafungua mlango wa nyuma kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa.

Jumamosi, wakati wa kula, Bwana Kwanini alitenga wali wake na mchuzi kwa ukuta wa vijiko viwili, akauliza, "Kwa nini mkasi wa Bibi umelala ndani ya sanduku?"

Babu aliacha kutafuna.

"Kwa sababu Bibi anahamia kwetu kesho," Wakili akaeleza. "Mama anafikiri ni wiki mbili. Lakini Bibi amefunga mpaka makoti, na kwetu ni joto."

Bibi alikodolea macho sahani yake. Alisubiri. Babu agonge meza, amtume hata paka, chochote kile. Babu alisogeza sahani, akainuka, na bila kumtazama mtu akasema, "Sawa."

Sawa! Usiku mzima Bibi aligeuka kitandani na hilo neno. Miaka arobaini na moja, na mtu anakuaga kwa neno moja, tena analitupia ukuta. Alfajiri aliburuta sanduku mpaka barazani. Kweli sasa anaondoka, na alitaka kulia, na hakutaka kabisa paka wala mtu yeyote amwone analia.

Saa tatu asubuhi, wakati akifunga skafu, alisikia sauti kutoka chumba cha mbele. Krrr. Kimya. Krrr. Sauti ya chuma kwenye mbao. Akaijua, maana ni sauti aliyoitoa yeye mwenyewe maisha yake yote.

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Alijiapiza hatasema kitu.

Babu alikuwa ameinamia meza ya cherehani, jasho linamtiririka, msumari wa inchi sita mkononi. Ile vanishi yake aliyoipaka mara tatu ilikuwa imechanika mistari kama kumi. "Anataka mikwaruzo?" alikuwa anaunguruma. "Ataipata! Itajaa meza nzima! Leta mkono, wewe!" Bwana Kwanini, koti mwilini na furaha imemjaa, alikuwa amelaza mkono wake juu ya ubao, umenyooka kabisa, na Babu anapima. Tena mstari wenyewe aliusawazisha kwa pimamaji.

Bibi aliuma midomo. Aliutazama ule mkono ulionyooka. Akatazama koti. Akajaribu kutazama dari, ikashindikana.

"We mwanaume!" Ilimtoka kwa nguvu mpaka paka akaruka kutoka dirishani. "Mkono unapimwa umekunjwa kidogo! Umemnyoosha hivyo, akikunja kiwiko shati linampanda mpaka hapa! Mtoto si ubao! Na koti! Nani anampima mtu na koti?"

Babu aligeuka polepole, msumari mkononi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira ya miezi kumi na moja.

"Ningejuaje?" alifoka. "Uliniambia lini?"

"Uliniuliza lini?"

"Nilidhani ni visu vimepita!"

"Kisu kinachora mkia wa samaki? Kinachora miwani? Miaka arobaini na moja una macho mawili mazima, mimi nilikuwa na ukungu machoni na bado nilikuwa naona kuliko wewe!"

"Haya, nauliza!" Babu alipiga ubao kwa kiganja. "Si unataka niulize? Nauliza! Hapa palikuwa na nani?"

"Hapo palikuwa na mwalimu, mkono wake wa kushoto ulimzidi wa kulia vidole viwili, na hakuna fundi mwingine aliyejua, na wewe ukampiga randa!"

"Na hapa?"

"Muuza samaki!"

"Na hapa pa kulia?" Sauti yake ilikuwa ya kugomba bado, lakini msumari ulikuwa umetulia.

"Hapo…" Bibi aliweka kidole ubaoni. "Hapo alikuwa binti yako, darasa la tatu. Mwaka ule alikua ghafla, nikashusha pindo mara tatu, na sketi ikaisha. Hapa darasa la nne. Hapa pengo, kwa sababu aliugua hakurefuka. Na usinitazame hivyo, sijakusamehe, nimekasirika mpaka kichwa kinaniuma!" Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa ncha ya skafu bila kupunguza sauti. "Nipe huo msumari. Umeushika kama mtu anayechokoa meno. Wewe mtoto, vua koti."

Alimkunja Bwana Kwanini kiwiko, akakwaruza mstari mmoja mwembamba, na pembeni yake akachora ndoana ndogo yenye nukta chini, alama ya kuuliza. Kisha akamvuta Wakili kwa nguvu, maana huyu alikuwa tayari anaeleza kwamba mwili wake haupimwi bila ruhusa. "Ruhusa?" Bibi aliuliza. Wakili alifikiri. "Nimetoa," akasema, akaweka mkono.

Hivyo ndivyo binti yao alivyowakuta. Alipiga honi mara mbili na hakuna aliyetoka, akalipita sanduku barazani, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Mama yake alikuwa anamfokea baba yake kuhusu kiatu cha mwaka fulani. Baba yake alikuwa anafoka kuhusu kabati. Meza ya cherehani ilikuwa imekwaruzwa vibaya, na watoto wake walikuwa wameketi sakafuni, wanasikiliza, na tableti imezima.

"Mama! Mnagombana mbele ya watoto?"

"Tangu saa tatu asubuhi," Wakili alisema kwa fahari.

"Basi, Mama, twende zetu. Sanduku nimeliona."

Bibi alimtazama binti yake kana kwamba ndiye aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Niende wapi? Nina miezi kumi na moja ya kumsema mtu hapa, na ndiyo kwanza nimefika mwezi wa pili. Chukua wanao. Mdogo hali vikigusana, usimlazimishe. Na hilo sanduku liingize ndani, mkasi wangu uko juu."

Binti alimgeukia baba yake apate msaada. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kona, anahema, anatazama ubao wake mzuri ulioharibika. Akapangusa paji la uso, akatafuta kwa macho chini ya cherehani.

"Paka," alianza kwa mazoea, "mwambie—"

"Niambie mimi!" Bibi alinguruma. "Niko hapa!"